Saa za Mwanzo za Mwalimu na Chromebook

Katika kazi yangu ya kuwafunza walimu kutumia kompyuta mpakato za Chromebook, nimeona kwamba kinachowasumbua zaidi si vitufe wala programu, bali swali ambalo hawakujibiwa mapema: kazi yangu inakaa wapi? Mwalimu aliyezoea kompyuta ya kawaida huamini kwamba maandalio yake ya somo yamo ndani ya mashine aliyoishika, ilhali katika mashine hizi, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2011, kazi kwa kawaida hukaa kwenye akaunti, na mashine ni mlango tu wa kuifikia. Nimezipanga hatua zifuatazo ili mwalimu alijue jambo hilo kwa vitendo kabla ya kuingia na mashine darasani.

Hatua ya 1: Andikisha mashine kabla ya mtu yeyote kuingia. Ikiwa shule ina mfumo wake wa kusimamia mashine zake zote kutoka sehemu moja, mashine mpya iandikishwe kwanza kwa kubonyeza Ctrl+Alt+E kwenye skrini ya kuingilia. Mtu akitangulia kuingia kwa akaunti yake, italazimu mashine ifutwe na kuanzishwa upya. Pale ambapo shule haina mfumo huo, akaunti ya kwanza kuingia ndiyo itakayohesabiwa kuwa mmiliki, kwa hiyo amueni mapema itakuwa ya nani.

Hatua ya 2: Mwache mwalimu aingie mwenyewe. Aandike anwani na nenosiri lake mwenyewe, wewe ukitazama kando. Kisha fanyeni zoezi ambalo siliachi kamwe: afungue hati mpya, aandike sentensi moja, atoke kwenye akaunti, halafu aingie kwenye Chromebook nyingine na kuitafuta sentensi hiyo. Anapoikuta mahali pake bila kuibeba kwa diski mweko wala kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, maelezo mengi huwa hayahitajiki tena.

Hatua ya 3: Mwonyeshe folda isiyo salama. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko kwingine. Programu ya faili ina sehemu mbili zinazofanana kwa sura: Google Drive, iliyoko kwenye wingu (yaani kwenye kompyuta za Google zinazofikiwa kwa intaneti), na folda ya vipakuliwa, iliyo ndani ya mashine. Faili anayoipakua kutoka kwenye barua pepe huangukia katika hiyo ya pili, na mashine ikifutwa au ikiharibika, faili hiyo hupotea. Nilimsaidia mwalimu mmoja aliyekuwa amehifadhi humo mitihani ya muhula mzima. Mashine ilipofutwa ili apewe mwenzake, hatukuweza kuipata mitihani hiyo tena, na tangu siku hiyo sitoki kwenye chumba cha mafunzo kabla kila mmoja hajahamisha faili moja kutoka folda ya vipakuliwa hadi Drive mbele ya macho yangu.

Hatua ya 4: Jiandaeni kwa siku ambayo intaneti imekatika. Mashine ikiwa bado imeunganishwa, fungueni Drive kwenye kivinjari, mwingie kwenye mipangilio na kuruhusu kazi za nje ya mtandao, kisha mwalimu achague hati anazozihitaji na kuzifanya zipatikane bila intaneti. Zimeni Wi-Fi, afungue hati mojawapo na kuihariri. Mabadiliko yatapanda kwenye wingu muunganisho utakaporudi. Jaribio hili lifanyike siku ya mafunzo, kwa kuwa mpangilio huu hauwezi kuwashwa baada ya mtandao kukatika, na katika akaunti za shule msimamizi wa mfumo anaweza kuwa ameuzuia.

Hatua ya 5: Kagueni kazi za zamani. Hati za Word hufunguka na kuharirika bila tabu kubwa, ingawa mpangilio wa kurasa unaweza kuyumba kidogo. Programu zilizotengenezewa Windows hazisakiniki. Majedwali ya alama ya Excel yanayotegemea makro (amri zilizoandikwa ndani ya faili ili zijiendeshe zenyewe) yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu makro hizo hazifanyi kazi katika Majedwali ya Google, na ni bora mwalimu agundue hilo leo kuliko wiki ya kujaza ripoti.

Kuhusu kibodi, inatosha kumweleza kwamba hakuna kitufe cha kufungia herufi kubwa (Caps Lock) upande wa kushoto, na kwamba kitufe cha kutafutia (Search au Launcher) pamoja na kitufe cha kufutia (Backspace) hufuta herufi iliyo mbele ya kishale.

Hatua ya 6: Somo la kwanza liwe dogo. Mwalimu atengeneze karatasi moja ya maswali na kuituma kupitia Google Classroom, darasa la mtandaoni la Google. Wakati wa kuiambatisha ataulizwa kama wanafunzi waitazame tu, waihariri kwa pamoja, au kila mwanafunzi atengenezewe nakala yake. Achague nakala. Akiruhusu darasa zima kuhariri hati moja, mtoto mmoja akifuta aya, aya hiyo imefutika kwa wote. Likitokea, asiandike upya: afungue historia ya matoleo katika menyu ya faili, achague toleo la kabla ya ufutaji, na kulirejesha. Ninapenda kuifuta aya hiyo mwenyewe kwa makusudi wakati wa mafunzo na kumwachia mwalimu airudishe kwa mikono yake.