Kuondoa Seli Zilizokufa Usoni: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Mhudumu wa Ngozi

Uso unaokwaruza mkononi, usioshika vipodozi vizuri na unaoonekana umefifia hata baada ya kuoshwa, mara nyingi hauna ugonjwa wowote. Umebeba tu seli zilizokufa ambazo zimechelewa kupukutika. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa safu kama 15 hadi 20 za seli hizo, na kwa kijana seli mpya huchukua takriban siku 28 kupanda kutoka chini hadi juu na kudondoka, muda ambao hurefuka kadiri umri unavyosonga. Kazi yetu ni kuusaidia mwendo huo bila kuuvuruga. Nalisema hili mapema kwa sababu nyuso nyingi zilizoungua ambazo nimeletewa nizitunze hazikuharibiwa na dawa mbaya, bali na mhudumu aliyetaka matokeo ya miezi mitatu yapatikane siku moja.

Ninayoyaeleza hapa yanamhusu mhudumu aliyefundishwa kazi hii. Asidi za nguvu ya kitaalamu si za kujipaka mwenyewe nyumbani mbele ya kioo.

Hatua ya 1: Mahojiano

Hapa ndipo usalama wa mteja unapoamuliwa, nami hutumia muda mrefu zaidi hapa kuliko katika kupaka dawa yenyewe. Mwulize mteja kama ni mjamzito au ananyonyesha, kama ana mzio wa aspirini (anayeudhiwa na aspirini asipakwe asidi ya salisiliki), kama huota malengelenge ya midomoni yatokanayo na virusi vya hapesi, kama makovu yake huvimba na kukua kupita jeraha, na kama amewahi kumeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi. Mwenye historia ya hapesi, au aliyemeza dawa hiyo katika miezi sita iliyopita, apelekwe kwanza kwa daktari wa ngozi.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikiuliza, “Je, unatumia dawa yoyote usoni?” Mama mmoja akanijibu kwamba hatumii, nikampaka asidi ya glaikoliki kwa kiwango ambacho wengi hukivumilia, na kabla ya dakika kuisha shavu lake la kushoto lilikuwa limeanza kugeuka kijivu. Kumbe kila usiku alikuwa akipaka krimu ya retinoidi (dawa ya jamii ya vitamini A) ya kuondoa madoa, ambayo kwake yeye haikuwa dawa, ilikuwa mafuta tu ya kulalia. Shavu lile lilibaki na doa jeusi kwa miezi kadhaa. Tangu siku hiyo nauliza, “Kabla ya kulala unapaka nini, na asubuhi unapaka nini?” kisha namwomba aje na chupa na makopo yenyewe. Retinoidi na vipodozi vyenye asidi visimamishwe siku 5 hadi 7 kabla ya huduma. Anayetumia krimu za kujichubua zenye steroidi au zebaki asiguswe kabisa na asidi hadi daktari amwone, kwa maana ngozi yake inaweza kuwa imekwisha kuwa nyembamba na haina tena ngao ya kutegemea.

Anayenyoa au kung'oa nywele za uso kwa nta naye angoje siku kadhaa.

Hatua ya 2: Kuchagua njia

Pitisha mgongo wa vidole juu ya uso mkavu, uliooshwa na usiopakwa chochote. Andika mahali panapokwaruza: paji la uso, kando ya pua, kidevu.

Kwa ngozi nyepesi ya kuudhika, anza na barakoa ya vimeng'enya, kama papaini itokanayo na papai, ambayo humeng'enya protini za seli zilizokufa pasipo kusugua. Barakoa hiyo hufanya kazi ikiwa na unyevu tu, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa chenye unyevu na usiiache ikauke. Mwenye mzio wa papai au wa mpira wa glavu asiwekewe. Ngozi yenye mafuta na vichwa vyeusi hufaidika na asidi ya salisiliki, ambayo huyeyuka katika mafuta na hivyo kuingia ndani ya vitundu vya ngozi. Ngozi kavu au iliyofifia hufaa asidi za matunda, na hapo ukubwa wa molekuli una maana: glaikoliki ni ndogo kuliko zote na huzama upesi, laktiki ni kubwa kidogo na ni mpole zaidi, na mandeliki, ambayo molekuli yake ina uzito karibu maradufu ya ile ya glaikoliki, huingia polepole. Kwa ngozi nyeusi isiyowahi kupakwa asidi, mimi huanza na mandeliki au laktiki, kwa sababu ngozi hiyo hujibu muwasho na uchungu kwa kutoa rangi zaidi, na doa litokanalo na huduma hukaa muda mrefu kuliko tatizo lililomleta mteja.

Mashine ya kusugua kwa ncha ya almasi ni njia nyingine nzuri kwa ngozi nene isiyo na chunusi zenye usaha. Ivute ngozi kwa vidole viwili ili ikaze, pitisha ncha kwa mkono mwepesi mara moja wima na mara moja mlalo, na usiunganishe siku hiyo hiyo na asidi. Mwenye chunusi zenye usaha asisuguliwe hata kwa skrabu ya chembechembe, maana utapasua kilichokuwa kimejifunga.

Hatua ya 3: Jaribio

Paka kiasi kidogo cha dawa ile ile utakayotumia nyuma ya sikio au chini ya taya, kisha ungoje saa 24 hadi 48. Mteja akikuomba uruke hatua hii kwa kuwa ana sherehe kesho, hiyo ndiyo sababu ya kutoiruka.

Hatua ya 4: Kupaka asidi ya glaikoliki

Naichagua hii kuwa mfano kwa kuwa inadai umakini kuliko nyingine. Kiwango ninachokitumia hakizidi asilimia 30, na pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) isishuke chini ya 3. Soma vipimo vyote viwili, kwani asilimia ile ile yenye pH ya chini zaidi huuma vikali.

Andaa mezani, kabla mteja hajalala, bakuli la kizimuaji cha bikaboneti ya sodiamu (maji ya kuua nguvu ya asidi), maji baridi, shashi, feni ndogo na saa ya kuhesabu sekunde. Safisha uso mara mbili, kisha ufute kwa maji ya kuondolea mafuta, maana mafuta yaliyobaki huifanya asidi izame hapa na iteleze pale. Paka mafuta ya mgando kwenye pembe za macho, mikunjo ya pua na midomo, na ufunike macho kwa pamba yenye unyevu.

Washa saa unapogusa paji la uso kwa brashi, kisha endelea na mashavu, kidevu, na mwisho pua na juu ya mdomo. Ukipaka polepole, paji litakuwa limekaa muda mrefu kuliko kidevu, hivyo fanya kazi yote ndani ya sekunde 30. Mara ya kwanza iache dakika 1 tu.

Katika dakika hiyo usitazame saa peke yake. Kwa ngozi nyeupe wekundu huonekana mapema. Kwa ngozi nyeusi wekundu hujificha, na unachopaswa kukitafuta ni rangi ya kijivu, mng'ao usio wa kawaida, uvimbe mdogo kuzunguka vinyweleo na joto unalolisikia ukikisogeza kiganja karibu na shavu bila kuligusa. Mwulize mteja kila baada ya sekunde 15, “Kutoka 1 hadi 10, linachoma kiasi gani?” Likifika 6, au ukiona weupe kama ukungu popote, zimua hapo hapo, ukianza na sehemu iliyobadilika. Kizimuaji kitatoa povu na mchomo wa muda mfupi. Mweleze hivyo mapema ili asishtuke. Endelea mpaka povu liishe, kisha suuza kwa maji baridi.

Salisiliki ni tofauti. Haizimuliwi, na unga mweupe unaobaki juu ya ngozi ni chembe za dawa baada ya alkoholi iliyochanganywa nayo kukauka hewani, hivyo usiuogope kama ule weupe wa glaikoliki. Uchungu wake hupanda kwa dakika 2 au 3 kisha hutulia.

Hatua ya 5: Baada ya huduma

Paka kilainishi kisicho na manukato, kisha kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, ambayo mteja aendelee kuipaka kila siku na kuirudia kila saa 2 akiwa nje. Kwa siku 2 asifanye mazoezi ya jasho wala asikae kwenye mvuke, na retinoidi isirudi kabla ya wiki moja. Kati ya siku ya 2 na ya 5 ngozi inaweza kubanduka kidogo kandokando ya mdomo na pua. Kipande kinachoning'inia kisivutwe, hata kikionekana kiko tayari kutoka, kwani upande mmoja bado umeshikamana na ngozi hai.

Kipindi kinachofuata kiwe baada ya wiki 2 hadi 4, nacho kiongezwe muda au nguvu, kamwe si vyote viwili. Anaporudi, kabla sijafungua chupa yoyote, napitisha tena mgongo wa vidole mahali pale pale nilipopaandika siku ya kwanza. Kama ukwaruzaji umekwisha, simpaki asidi siku hiyo; namsafisha uso, nampaka kilainishi na kumpangia tarehe nyingine.