Kuitoa filimbi ya bati kwenye D kwenda C bila kuiharibu

Kijana mmoja wa kwaya yetu kanunua filimbi ya bati ya Kiayalandi, zile za bei chee zenye paipu ya shaba na kichwa cha plastiki, kumbe iko kwenye ufunguo wa D na nyimbo zao nyingi ziko C. Akataka kuikata mkia. Kwanza ukikata sauti inapanda, haishuki, halafu inayopanda ni do peke yake (noti ya matundu yote yakizibwa), re mpaka ti zinabaki zilipo. Kuvuta kichwa nje nako ni kwa marekebisho madogo tu, ukivuta sana noti za juu zinashuka kuliko za chini. Dawa ni paipu mpya ndefu, kichwa kile kile.

1. Chovya kichwa kwenye maji ya moto gundi ilainike, zungusha, kinatoka.

2. Tafuta paipu ya shaba au alumini yenye unene ule ule wa nje, nenda dukani na ya zamani mkononi. Ikilegea kidogo zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Mi plastiki siipendi kwa kazi hii, kuta zake nene.

3. Pima ya zamani na kichwa kikiwa mahali pake, kuanzia kwenye ule ukingo mkali wa dirisha la kichwa (lile tundu la mraba sauti inapotokea) mpaka mwisho wa paipu, zidisha kwa 1.1225 (ndo tofauti ya D na C), kata ukiacha sentimita mbili za ziada. Punguza kwa tupa huku tyuna ya simu (programu inayoonyesha noti iko juu au chini) iko wazi, ishia chini ya C kidogo, utamalizia matundu yakishakaa sawa.

4. Matundu. Hapa tulia bana, hapa ndo paipu zinapofia. Vipimo vyote vinaanzia kwenye ule ukingo wa dirisha, SIYO mwanzo wa paipu. Tundu lililokuwa sentimita 20 litakuwa kama 22.4, afu we lisogeze milimita moja au mbili kuelekea mkiani, maana hesabu haijui upepo unavyogeuka pale kichwani na noti iliyo chini unaweza kuipandisha, iliyopitiliza ndo shida. Ingiza kijiti cha mbao ndani paipu isibonyee, toboa na biti ya milimita 3, anza na tundu la mkiani (re) upande juu mmoja mmoja, usitoboe yote sita kwa mpigo, kwa sababu noti ya tundu la juu inategemea yaliyo wazi chini yake. Panua kwa tupa ndogo ya duara, kidogo, puliza, angalia tyuna. Ukila upande wa kichwani noti inapanda haraka, ukila upande wa mkiani inapanda taratibu. Na upulize kwa pumzi unayopigia kweli, maana ukipuliza kwa nguvu noti inapanda na tyuna inakudanganya, pia ipashe moto kwanza mkononi, filimbi ya baridi iko chini. Kila noti ijaribu na oktavu ya juu, noti ya mi ikikaa sawa chini lakini juu imepishana na tyuna, gawanya tofauti. Tundu likizidi, kipande cha selotepu kwenye ukingo wa juu kinalishusha.

5. Rudi kwenye do uimalizie, piga msasa kingo zote ndani na nje. Kichwa usikigundishe, kiache kizunguke, siku kinanda kikiwa juu au chini kidogo utakivuta hapo hapo.