Jinsi ya kumhamisha mzazi asiyeweza kutembea kabla maji hayajaingia ndani (kwa sisi wa Kigoma)

Habari zenu ndugu zangu. Naandika hii kwa ajili ya wale wanaouguza mzazi nyumbani, yule wa kulala kitandani kabisa, na mnaishi bondeni au karibu na ziwa, Kibirizi, Katonga, Katubuka, kule chini Ujiji na popote maji yanapopenda kuja. Mimi nimemhamisha mama yangu mara mbili, mwaka 2020 ziwa lilipopanda na tena 2024. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia wote haufanyi kazi, haongei vizuri, ana mpira wa mkojo, na kukaa mwenyewe bila kuegemea hawezi. Mara ya kwanza tulifanya vibaya na aliumia, mara ya pili ilienda vizuri, kwaiyo haya ninayoyasema mengi nimeyalipia.

Watu mwaka ule 2024 walisikia kimbunga Hidaya kimepiga pwani, Mafia na Kilwa huko, wakasema sisi huku bara kimbunga hakitufikii. Kweli hakifiki, lakini maji ya kwetu yanakuja kwa njia mbili na lazima ujue ya kwako ni ipi. Ziwa linapanda taratibu, wiki kwa wiki, na likishapanda halishuki leo wala kesho maana Tanganyika ina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo, kwaiyo ukihama kwa sababu ya ziwa jua unahama kwa miezi. Maji ya mvua ya kutoka milimani ni kitu kingine, yanashuka ndani ya saa moja, usiku umelala, yanaingia yanatoka yameacha tope. La kwanza linakupa muda wa kupanga, la pili halikupi hata dakika kumi.

HATUA YA 1: Weka siku yako ya kuondoka, na iwe kabla ya ya majirani

Hii ndiyo naomba uielewe kuliko zote. Jirani yako mwenye miguu anaweza kusubiri mpaka aone maji kwenye kizingiti, anabeba mtoto na begi anatoka. Wewe huwezi. Kumtoa mama ndani mpaka kwenye gari sisi ilituchukua kama dakika arobaini mvua ikiwa haijanyesha, watu wanne, barabara kavu. Hebu piga hesabu hiyo kwenye giza na tope afu vijana wote wa mtaa kila mmoja anahangaika na kwao. Hakuna atakayekuja, na huwezi kumlaumu.

Mimi alama zangu ni hizi. Kwa ziwa, nilichomeka kijiti pale maji yanapoishia, naenda kukiangalia kila Ijumaa, maji yakikipita natoa taarifa kwa ndugu kwamba wiki hii tunahama. Kwa mvua, nafuatilia taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa tahadhari ya hali mbaya ya hewa ya siku tano, kuna angalizo, kuna tahadhari, kuna tahadhari kubwa. Wengi wanasubiri hiyo ya mwisho. Ukiwa na mzazi kama wangu angalizo linatosha, unamlaza kwa ndugu wa mlimani siku mbili tatu, isiponyesha mnarudi. Mama mdogo alikuwa ananiambia namchosha dada yake bure. Nilimwambia bora achoke bure mara tano kuliko tumkose mara moja. Mvua zetu zinaanza Novemba mpaka Aprili huko, na mara nyingine Mei bado, kwaiyo mipango yote iwe imekamilika Oktoba.

HATUA YA 2: Tafuta watu na gari mapema, kwa majina

Usiseme "vijana watakuja". Kaa chini uandike wanne kwa majina na namba, afu na wawili wa akiba. Sisi tuna kijana wa fundi baiskeli, mvuvi mmoja wa mwaloni, shemeji yangu na mimi. Nenda pia kwa mwenyekiti wa mtaa umwambie waziwazi kwamba nyumba hii kuna mtu hawezi kutoka mwenyewe, aandike kwenye daftari lake. Wazazi wengine tunawafichaficha ndani, watu mtaa wa pili hawajui hata kama yupo, siku ya shida nani atagonga mlango?

Gari, kama mzazi hakai, chukua kirikuu. Bajaji inamfaa anayeweza kukaa ameegemea na mtu wa kumshika pembeni, bodaboda usithubutu, hata mkimbana katikati ya watu wawili, mguu uliopooza unaning'inia unaingia kwenye rimu au kwenye bomba la moshi na yeye hausikii ukiungua. Kubaliana na dereva bei wakati jua linawaka, na uwe na namba za madereva wawili, maana mvua ikishaanza bei inapaa na wengine hawataki kabisa kushuka kwenye tope.

HATUA YA 3: Muulize mwenyewe

Tulilisahau mwaka 2020. Tulipanga kila kitu sebuleni, tukaingia vijana wanne chumbani tukaanza kumnyanyua, mama akashika mwimo wa mlango kwa ule mkono wake mzima, akaung'ang'ania, machozi yanatoka, hatuelewi anasema nini. Ni dada yangu ndiye aliyeelewa. Kanga ilikuwa imepanda na kichwa kilikuwa wazi, mbele ya watoto wa jirani aliowaona wakizaliwa. Mtu hawezi kutembea lakini aibu yake iko palepale.

Saivi kabla mwanaume yeyote hajaingia, dada anamvalisha dera, anamfunga ushungi, anamzungushia kanga ya pili kiunoni na kuifunga fundo pembeni, mfuko wa mkojo unafunikwa. Tunamwambia tunaenda wapi na nani atambeba, anaitikia kwa macho. Na tunamwachia achague kitu kimoja cha kubeba mkononi, yeye huwa tasbihi yake. Anabaki ameishika njia nzima na hashiki tena milango.

HATUA YA 4: Mkoba wa mzazi

Uwe umepangwa tayari na unaning'inia ukutani juu, sio chini ya kitanda. Ndani:

- dawa za wiki mbili, kwenye chupa ya plastiki ya mdomo mpana yenye mfuniko wa kubana (mara ya kwanza za presha zililowa zote kwenye mfuko wa rambo)
- karatasi yenye jina lake, ugonjwa, dawa na muda wa kunywa, mzio kama upo, namba za ndugu wawili, ndani ya nailoni
- kadi ya bima na ya kliniki
- pampasi za wakubwa au vitambaa safi, sabuni, glavu, mafuta ya kupaka
- mfuko wa mkojo wa akiba
- mito midogo miwili au vipande vya godoro vya kuwekea chini ya mashavu ya miguu
- unga wa uji, sukari, kikombe chake na kijiko kidogo
- maji ya kunywa, tochi, pawabenki iliyochajiwa

Kama mzazi anachoma insulini iwekwe kwenye chungu kidogo au chupa ya chai iliyopozwa, isikae kwenye jua la kwenye gari. Kama anatumia mashine yoyote ya umeme basi huyo usisubiri chochote, mhamishe karibu na hospitali yenye jenereta, kwasababu umeme wetu ndio wa kwanza kuondoka mvua ikinguruma.

HATUA YA 5: Namna ya kumbeba

Hapa nakwenda taratibu maana ndipo watu wanapoumiza wazazi wao.

Kitu cha kubebea ni blanketi zito au shuka mbili nene zimewekwa pamoja. Kanga moja inachanika. Mlaze ubavu, umgeuze mwili mzima kwa pamoja, bega na nyonga zigeuke mara moja. Kunja blanketi nusu uisukumie mgongoni kwake, kisha mgeuze upande wa pili, ivute iliyobaki itoke. Sasa yuko katikati. Kunja kingo za blanketi mpaka ziwe kama kamba nene karibu kabisa na mwili wake, hapo ndipo mnaposhika. Mkishika mbali blanketi linabonyea katikati na mgongo wake unakunjika.

Wenye nguvu wawili wakae upande wa mabega, wawili nyongani. Mkono uliopooza uweke juu ya tumbo, uufunge kidogo kwa kitenge usidondoke. Usimvute kwa mkono huo hata siku moja, wala usimnyanyue kwa kwapa, bega la mtu wa kiharusi limelegea linachomoka kirahisi. Mfuko wa mkojo mpe mtu wa tano, mtoto mkubwa anatosha, kazi yake ni huo mfuko tu, aushike chini ya usawa wa kibofu na atembee sambamba. Ukiupandisha juu mkojo unarudi ndani, ukiuacha ukanaswa kwenye kitasa utachomoa mpira na damu itoke. Sisi ulinaswa kwenye msumari.

Anayeamuru awe mmoja. "Moja, mbili, tatu, nyanyua", na hakuna kutembea mpaka aseme twende. Mkishuka ngazi au mteremko miguu itangulie, mkipanda kichwa kitangulie, ili kichwa kiwe juu muda wote. Kama njia ni nyembamba tumieni kiti cha mbao chenye egemeo, mfungeni kifuani kwa kitenge chini ya makwapa, mmoja anashika nyuma juu, mwingine miguu ya mbele. Viti vya plastiki hapana, miguu inakatika.

Fanyeni mazoezi siku ya kawaida, na kijana mmoja alale awe mgonjwa kwanza. Atawaambia wenyewe jinsi inavyotisha kubebwa ukiangalia dari.

Kwenye kirikuu tangulizeni godoro, kichwa kielekee kwa dereva, mtu mmoja akae kichwani kwake na mwingine pembeni, turubai juu lakini uso uwe wazi. Chini ya mashavu ya miguu weka mto ili visigino vielee, visiguse kitu. Na asiwe amekula ndani ya nusu saa iliyopita, barabara yenye mashimo inamrudishia chakula na anapaliwa.

HATUA YA 6: Kama umechelewa

Zima meni swichi ikiwa bado unasimama pakavu. Usimpitishe kwenye maji yanayokimbia. Maji ya sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima, na nyie mmebeba, hamuoni mnapokanyaga, kuna mitaro na mashimo ya vyoo humo. Ya sentimita 30 yanaweza kuelesha gari dogo. Nyanyua kitanda juu ya matofali, mawili matatu kila mguu, wengine wakiwa wamekishika, mkalishe mzazi ameegemea, piga 114 zimamoto na uokoaji, afu piga mwenyekiti. Ukipiga sema neno la kwanza kwamba kuna mgonjwa asiyetembea, taja na alama ya karibu, msikiti, shule, mti.

HATUA YA 7: Mkishafika

Kabla ya chai, kabla ya simu za ndugu, mvue nguo mbichi umkaushe na umkague mwili. Visigino, nyonga, chini ya mgongo, makalio, nyuma ya kichwa. Mwaka 2020 mama alilala kwenye godoro lililolowa masaa matatu kwenye kirikuu tukisubiri barabara, tukafika tumechoka, hatukumwangalia mpaka kesho yake. Kisigino cha kulia kilikuwa na duara jekundu jeusi, ukubwa wa shilingi mia. Kidonda kile tulikiuguza miezi minne. Ukiona wekundu ambao ukiubonyeza kwa kidole hauondoki, hapo pasiguse kitanda tena, na mgeuze kila baada ya masaa mawili usiku na mchana, pangeni zamu.

Angalia mkojo unatoka. Kama mfuko ni mkavu masaa manne na tumbo la chini limejaa, angalia mpira haujajikunja, ukiwa sawa na bado hautoki nenda hospitali, Maweni au kituo cha karibu, usiku huohuo. Vilevile akipata homa, akipumua kwa shida au akianza kuchanganyikiwa kuliko kawaida yake.

Kama mmefikia shuleni au kambini, choo cha kuchuchumaa hawezi. Chukua kiti imara, toboa shimo katikati, ndoo chini, pazia la kanga pembeni. Maji ya kunywa chemsha yote, kipindupindu hakichelewi kwenye msongamano, na mtu wa kitandani akiharisha anaisha haraka.

HATUA YA 8: Kurudi

Usimrudishe siku maji yanapotoka. Nyumba za tofali mbichi zikishalowa zinasimama siku kadhaa afu ukuta unakaa chini, na yeye hawezi kukimbia ukuta. Gonga kuta chini, angalia nyufa, hakikisha choo hakijatitia, fundi aangalie umeme, sakafu ioshwe kwa dawa, chumba chake kiachwe madirisha wazi mpaka ukiweka kiganja ukutani kirudi kikavu. Mama mwaka 2024 alikaa Mwanga ya hapahapa Kigoma kwa mdogo wake mpaka Julai. Siku tunamrudisha tulitumia blanketi lilelile, vijana walewale wanne, na tasbihi mkononi.