Kusoma kilimo ng'ambo kwa muhula mmoja: nenda na swali la shamba la kwenu

Wadogo zangu wa Tanga mnaosoma kilimo, wengi wenu mkinipigia simu kuhusu programu za kubadilishana wanafunzi huanza na koti la baridi. Koti ni la mwisho. Ulaya nako kuna mitumba, na mtu aliyekulia Tanga hafundishwi kuchagua mtumba. Anza na shamba la kwenu: lina tatizo gani ambalo mpaka leo hakuna aliyekujibu ukaridhika?

Langu lilikuwa mihogo. Mama analima Muheza, michungwa juu, mihogo pembeni. Kuna magonjwa mawili ya virusi: kuna batobato, ambayo unaiona kwenye jani lililojikunja, na kuna michirizi kahawia, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu inajificha: shina limesimama vizuri, ukichimba unakuta muhogo una mabaka makavu ya kahawia, hauliki wala hauuziki. Ugonjwa huo haukuanza jana. H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha utafiti cha Amani, aliuandika mwaka 1936 kutokana na mihogo ya huku huku chini ya Usambara. Nikawa najiuliza: jambo limejulikana miaka yote hiyo, mbona bado linamaliza shamba la mama? Swali hilo ndilo lililonivusha kutoka SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, hadi Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, kwa muhula mmoja wa Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya ya kubadilishana wanafunzi.

Barua ya maombi iandike hivyo hivyo. Ile ya "tangu utotoni napenda kilimo" kila mtu anayo. Taja zao, taja kijiji, taja tatizo, eleza nyumbani mmejaribu nini kikashindikana, kisha taja kozi mbili au tatu za chuo unachokwenda zinazogusa tatizo hilo. Ukurasa mmoja unatosha. Kumbuka pia kwamba kwa programu hizi huombi mwenyewe moja kwa moja ng'ambo; chuo chako ndicho kinachokuteua. Kwa hiyo jenga urafiki na ofisi ya ushirikiano wa kimataifa mapema, ujue mwaka huo chuo kina mkataba na nani. Ukiteuliwa chini ya Erasmus+, ada ya masomo kule hulipi, na unapewa posho ya kila mwezi pamoja na mchango wa nauli. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, mfuate ofisa mikopo wa chuo akuandikie utaratibu wake kwa karatasi kabla hujasaini chochote. Maneno ya mdomoni hayaingizi bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo.

Sasa kozi, ambako ndiko wengi hupotelea. Nilipomwambia mama naenda Uholanzi, aliuliza, "Huko wanalima mihogo?" Nikasema hapana. "Sasa mwanangu, unakwenda kusomea nini?" Swali la haki kabisa. Usichague kozi kwa jina la zao, ichague kwa namna tatizo linavyofanya kazi. Muhogo hupandwa kwa pingili, yaani kipande cha mmea wenyewe, kwa hiyo virusi vya shina la mwaka jana vinahamia shamba la mwaka huu. Kiazi mviringo nacho hupandwa kwa kiazi. Wadachi wamehangaika na jambo hilo hilo kwa miongo mingi, na wana chombo chao cha ukaguzi, NAK, ambacho wakaguzi wake hutembea shamba la mbegu mstari kwa mstari. Mmea mgonjwa unang'olewa. Majani huuliwa mapema, vidukari wasipate muda wa kueneza virusi, na sampuli za viazi hupimwa maabara. Kozi iliyonifaa kuhusu mihogo ya mama ilikuwa inazungumzia viazi.

Ya pili ilikuwa ya udhibiti wa wadudu. Kwenye nyumba za vioo za nyanya wanapambana na nzi weupe kwa kumwachia kinyigu mdogo sana, Encarsia formosa, anayetaga ndani ya makinda yao. Nzi weupe wa kwetu wanaobeba virusi vya mihogo ni wa jamii nyingine, na shamba la Muheza halina paa wala mlango. Jirani asipofanya kitu, wa kwake wanahamia kwako. Kwa hiyo kinyigu sikuja naye hata kimawazo. Nilichokuja nacho ni tabia ya kuhesabu: majani yale yale, siku ile ile ya wiki, namba kwenye daftari, ndipo uamue. Jihadhari na mtu anayerudi akitaka kujenga nyumba ya vioo Pongwe.

Ukishapata kozi, unaandikwa mkataba wa masomo unaosainiwa na wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Hapo fanya hesabu mwenyewe, usimwachie mratibu. Kwetu TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Ulaya mwaka ni krediti 60, na Uholanzi krediti moja ni saa 28. Kozi ya Wageningen ya krediti 6 ni saa 168. Mtu akitaka kukuandikia sita kwa sita, mwoneshe hesabu hiyo kwa adabu, maana kwa kigezo cha mwaka mzima tu inastahili 12. Kubalianeni pia jinsi ya kugeuza alama. Wadachi hutoa 1 mpaka 10, kufaulu kunaanzia 5.5, na 8 ni alama ya kujivunia. Asiyejua huku ataiona 7 yako kama ya mtu mvivu. Haya yote yaandikwe kabla ya safari. Ukiyaacha mpaka urudi, utaambiwa urudie muhula.

Wageningen mwaka wao umekatwa vipindi sita, na kwa kawaida unasoma kozi mbili tu kwa wakati mmoja, moja asubuhi, nyingine mchana. Inaonekana rahisi mpaka mtihani unapokuja baada ya wiki chache.

Muhula upi? Kalenda zetu hazilingani, na wengi hushika ule unaoanza Septemba kwa kuwa ndio wa kwanza kwenye orodha. Mimi nakushauri wa Februari, kama chuo chako kinaruhusu na haugongani na fildi. Anayekwenda Septemba anakuta mavuno yanaisha; Desemba jua linachomoza saa tatu kasorobo na saa kumi na nusu jioni limeshazama, na mashambani hakuna kitu. Utasoma kilimo ukiwa ndani ya jengo. Anayekwenda Februari anaona ardhi ikiandaliwa, viazi vikipandwa Aprili, na hadi Juni shamba lina kazi. Ukweli ni kwamba ukiwa wa maabara au wa nyumba za vioo, tofauti si kubwa.

Karatasi nitazipita haraka. Sisi ni waja leo waondoka leo, lakini pasipoti haijui hilo: ianze mapema, hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule ni lile lile herufi kwa herufi, hasa nyinyi akina Mohamedi mnaoandikwa kila mwaka kivingine. Kwa Uholanzi, chuo mwenyeji ndicho kinachokuombea kibali cha kuishi. Wewe unapeleka nyaraka na kusubiri kuitwa ubalozini. Ukifika unajiandikisha manispaa, unapata namba, ndipo benki inakufungulia akaunti. Beba fedha za kukutosha mpaka hapo. Na kama hujui baiskeli, jifunze Raskazone jioni kungali salama.

Mzigo unahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa mwanafunzi wa kilimo ndiye mwenye vishawishi vingi. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda na mboga mbichi unayoingia nayo, hata moja mkononi. Yameachwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Machungwa ya Muheza na kisamvu kibichi vibaki nyumbani; nazi inapita. Nyama na maziwa haviruhusiwi kabisa, samli ya bibi ikiwemo. Samaki unaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wakavu waliofungwa vizuri ni halali yako, ukiwaonea huruma wenzako wa jikoni.

Udongo usithubutu, hata kijiko. Vivyo hivyo pingili. Badala yake peleka sampuli ya shamba lenu TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo hapo hapo Muheza, ukapimiwe, uondoke na karatasi yenye namba: uchachu, naitrojeni, fosforasi. Mwalimu wangu wa kwanza kule aliniuliza udongo wetu ukoje, nikamwekea karatasi mezani, na mazungumzo yakageuka ya watu wawili wenye kazi moja. Pale Wageningen kuna pia ISRIC, taasisi ya taarifa za udongo, yenye makumbusho ya udongo wa dunia na ramani za nchi nyingi, yetu ikiwemo. Nenda, tafuta Tanga.

Darasani usikae nyuma ukisubiri kuitwa. Kule mwalimu huitwa kwa jina lake la kwanza, na kumbishia kwa hoja si utovu wa adabu. Kwetu wa pwani inachukua muda. Salamu ndefu zako waachie nyumbani, swali lako liulize.

Kwenye ziara za mashamba ya ng'ombe utapewa viatu vya pale pale. Vyako ulivyovaa ng'ambo vioshe na kuvikausha kabisa kabla ya kuingia zizi lolote la huku.

Kabla ya kupanda ndege ya kurudi, pita ofisi ya mitihani uulize transkripti itatoka lini na itatumwa kwa nani, kwa jina na barua pepe. Ukifika Morogoro, peleka nakala mwenyewe idarani pamoja na ule mkataba wa masomo uliosainiwa, na usiondoke pale mpaka uone krediti zimeingia kwenye mfumo.