Mtoto anaenda kambi ya kulala kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hujaanza kufunga begi

Wazazi wenzangu, kila likizo ya kiangazi ikikaribia maswali ni yaleyale, mtoto wangu ana miaka nane je aende kambi ya kulala, ile ya likizo ambako watoto wanalala siku kadhaa bila wazazi, au asubiri, kambi ipi nzuri, nimpakie nini. Mi nimeshapeleka wawili kwa miaka tofauti, wa kwanza nilimpeleka bila maandalizi ya maana tukalia wote, yeye kule na mimi huku, wa pili nikajipanga mapema na tofauti niliiona kwa macho yangu. Kitu nilichojifunza ni kwamba begi ndo linalotuhangaisha zaidi na ndo jepesi kuliko yote, unalipanga jioni moja limeisha. Kinachotaka muda ni kumzoesha mtoto na kuichunguza kambi yenyewe, na hapo usingoje wiki ya mwisho, anza hata wiki sita kabla.

Tuanze na umri. Kambi nyingi zinapokea kuanzia miaka saba hivi lakini umri peke yake haukwambii kitu, kuna wa saba yuko tayari na kuna wa kumi na moja bado. We jiulize, ameshawahi kulala nje ya nyumbani bila wewe akaamka vizuri? Anaoga mwenyewe, anajifuta vizuri chooni, anajua nguo hii ni chafu hii ni safi? Na kubwa kuliko yote, akipata shida anaweza kumfuata mtu mzima asiye ndugu yake akamwambia? Hilo la mwisho kwangu ndo kipimo, maana mtoto anayekaa kimya na kidonda mguuni siku tatu kwa sababu ya aibu ataumia kambini hata kama walezi ni wazuri kiasi gani. Na kama yeye mwenyewe anasema hataki, msikilize kwanza anaogopa nini, mara nyingine ni kitu kidogo tu, giza, choo kiko mbali, hajui kama atapata rafiki. Mshirikishe kuchagua kambi, angalieni picha pamoja, aone vitanda na vyoo, mtoto aliyechagua mwenyewe anaenda na moyo mwingine kabisa.

Sasa kambi yenyewe. Hapa naomba usione aibu kuuliza, wanaokulelea mtoto usiku na mchana lazima wajibu, na kambi inayokasirika ukiuliza imeshakujibu. Piga simu uongee na mkuu wa kambi mwenyewe. Muulize walezi wanapatikanaje, wanachunguzwa rekodi zao za makosa ya jinai kabla ya kuajiriwa au wanaokotwa tu, wana umri gani, wanafunzwa siku ngapi kabla watoto hawajafika, wangapi walikuwepo mwaka jana wakarudi tena. Muulize mlezi mmoja ana watoto wangapi. Ukitaka kitu cha kupimia, chama cha kambi cha Marekani, American Camp Association, kwenye viwango vyake vya kambi za kulala kinataka angalau mlezi mmoja kwa watoto 6 wa miaka 6 mpaka 8, na mmoja kwa watoto 8 wa miaka 9 mpaka 14. Ukiambiwa mlezi mmoja na watoto ishirini wa miaka saba, we achana nayo hata kama picha zao zinavutia vipi.

Alafu kuna swali ambalo wazazi wengi linatukwama kooni, la usalama wa mwili wa mtoto. Lilazimishe litoke. Uliza hivi, kuna wakati wowote mtu mzima anabaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana na wengine? Jibu unalolitaka ni hapana, na wakueleze wanafanyaje ili isitokee. Uliza usiku nani analala na watoto, nani anazunguka kukagua, mabafuni inakuwaje, watoto wakubwa na wadogo wanachanganywa au la. Hilo la mwisho watu wanalisahau, wanamwogopa mtu mzima tu kumbe mtoto anaweza kudhuriwa na mtoto mwenzake, kwa kuonewa au kwa kushikwashikwa. Uliza wanafanya nini mtoto akionewa na wenzake, na usikubali jibu la "huku kwetu hayo hayatokei", mi nikisikia hivo ndo naogopa zaidi.

Na mtoto naye ongea naye, si kwa kumtisha. Mwambie mwili wako ni wako, sehemu zinazofunikwa na nguo ya kuogelea hakuna wa kuzigusa, labda nesi kama unaumwa na hapo awepo mtu mwingine. Mwambie mtu akikwambia hii ni siri usimwambie mama au baba, hiyo ndo ya kuja kutuambia, na hatutakukasirikia hata kama ulivunja sheria ya kambi. Rudia rudia, isiwe mara moja kwenye gari siku ya kuondoka.

Maji. Kambi nyingi zina bwawa au ziwa au mto, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, anazama kimya watu wako palepale. Kambi inayojielewa inawapima watoto wote kuogelea siku za mwanzo, hata anayesema anajua, kisha inawagawa kwa uwezo, na kila mtoto anapewa mwenzake wa kuingia naye majini, ikipulizwa filimbi wanashikana mikono wanahesabiwa. Uliza kama kuna waokoaji waliofunzwa na kazi yao ni kuangalia maji tu, si mlezi anayecheza na watoto huku anachungulia. Kwenye mtumbwi kila mtu avae jaketi ya kuelea, hata anayeogelea kama samaki. Na wewe kwenye fomu andika ukweli, usiandike "anaogelea vizuri" eti kwa sababu anapenda maji.

Fomu ya afya nayo ni hivohivo, andika kila kitu. Kambi nyingi zinataka mtoto aonwe na daktari kabla na orodha ya chanjo, kwa hiyo weka miadi mapema. Dawa zake zote ziende kwenye pakiti au chupa zake zilezile zenye lebo, jina lake na kipimo, usizimimine kwenye kijikopo, na unamkabidhi nesi mkononi, hata vitamini. Mwenye pumu uliza inhela yake, kile kifaa cha kuvutia dawa, itakaa wapi na akienda matembezi nani anaibeba. Mwenye mzio mkali anayetumia sindano ya adrenalini apelekewe mbili, angalia tarehe ya kuisha, na usimwambie nesi peke yake, mlezi wa kwenye kibanda wanacholala na mtu wa jikoni nao wajue. Na tafadhali, kama mtoto anatumia dawa kila siku, iwe ya kutulia au ya kifafa au ya nini, usimwachishe eti yuko likizo apumzike, kambini ndo mahali pabaya kabisa pa kujaribu mabadiliko bila daktari kujua.

Kuna mawili watu wanayaficha. La kwanza kukojoa kitandani. Mtoto wa miaka nane, tisa, hata kumi bado anaweza kukojoa na si ukaidi wala uvivu, na walezi wameshaona wengi. Ongea na nesi kabla, mpange kimya kimya, aamshwe usiku kwenda chooni, ukimfungasha weka begi la kulalia la rangi nzito na nguo za akiba, na mahali pa kupeleka zilizolowa asubuhi bila wenzake kuona. Ukificha aibu itampata mbele ya watoto kumi, ukisema inaishia kwa watu wazima wawili. La pili ni hedhi kwa mabinti, kuanzia miaka tisa hivi mfungie pedi kwenye begi hata kama hajaanza, mweleze zinavaliwaje na akiona damu amwambie nani. Mdogo wangu alianza mbali na nyumbani hakuna aliyemwambia kitu, alidhani anakufa, hadi leo akisimulia sauti inabadilika.

Haya, sasa kukumbuka nyumbani, hapa ndo nilipokosea na mtoto wangu wa kwanza. Usiku wa kuamkia safari alilia, mi kwa huruma nikamwambia "usijali, ukishindwa nipigie tu nitakuja kukuchukua". Nilidhani nimempa moyo. Kumbe nimemwambia mambo mawili, kwamba mimi mwenyewe nategemea atashindwa, na kwamba dawa ya huzuni ni kuondoka. Alifika kule hakutafuta rafiki wala hakuingia kwenye mchezo wowote, alikaa anasubiri nije nimchukue. Siku ya tatu nikaenda kumchukua, na njiani akaniuliza kama wenzake watamcheka. Sitaisahau hiyo safari. Kwa hiyo usiahidi kumchukua. Ukiulizwa "na nikiwakumbuka?" jibu kwa ukweli, utatukumbuka, karibu kila mtoto anakumbuka kwao, na ukikumbuka utafanya hivi na hivi. Mpe vitu vya kufanya, amwambie mlezi wake, aandike barua, aende kwenye mchezo wenye kukimbia, ashike kile kitambaa au mdoli aliotoka nao nyumbani. Mweleze pia kuwa huzuni inapanda zaidi wakati wa kulala na ule muda wa kupumzika mchana maana hakuna shughuli, na siku chache za mwanzo ndo ngumu, wengi baada ya hapo wanatulia.

Na mfanyishe mazoezi. Alale kwa shangazi au kwa rafiki siku mbili tatu, bila kupigiana simu. Mkirudi muulize kipi kilikuwa kigumu na alifanyaje. Wa pili nilimfanyia hivyo mara tatu, pia tulibandika kalenda ukutani tukahesabu siku za kambi pamoja, akaona kumbe wiki mbili ni visanduku kumi na vinne tu na mwisho wake unaonekana.

Kambi nyingi haziruhusu simu, usipambane nalo na usimfichie simu kwenye soksi, nimeona wazazi wanafanya. Sauti yako jioni mtoto akiwa kachoka inaamsha kilio kilichokuwa kimelala. Andika barua, tena ya kwanza itume kabla hajaondoka aikute kule. Barua iwe ya kumuuliza mambo ya kambi na kumwambia unajivunia, usijaze "nyumba imepooza bila wewe, paka anakutafuta", hapo unamwekea mzigo. Ukipata barua ya kulia, "mama njoo unichukue", kumbuka imeandikwa siku kadhaa nyuma. Piga kambini uulize anakula? analala? anacheza? Wa pili aliniandikia barua ya hivo, napiga simu naambiwa yuko ziwani anafundisha mwenzake kupiga makasia. Ila wakikwambia hataki kula, hapati usingizi, analia mchana kutwa siku zinapita haipungui, hapo si kushindwa, kaa na mkuu wa kambi muamue, na kumrudisha kunaweza kuwa ndo uamuzi sahihi.

Begi fupi fupi. Fuata orodha ya kambi, andika jina kwenye kila kitu hadi chupi na soksi, viatu viwe alivyokwisha kuvizoea maana vipya vinatoa malengelenge, soksi ongeza, koti la mvua, sweta hata kama kuna joto, tochi na betri za akiba, chupa ya maji, dawa ya mbu, losheni ya jua ya SPF 30 (kipimo cha kukinga jua) kwenda juu na umfundishe kujipaka tena kila baada ya saa mbili na akitoka majini. Kitu cha bei au cha kumbukumbu kibaki nyumbani. Na afunge mwenyewe wewe ukiwa pembeni, ukifunga wewe atakaa wiki nzima na nguo moja kwa sababu hajui nyingine ziko wapi.

Kabla hujalipa soma masharti ya kurudishiwa hela, akiugua au akirudi mapema inakuwaje, na bima ya matibabu ni ya nani. Siku ya kuondoka akiamka na homa usimpeleke.

Mkifika, saidia kutandika kitanda, salimia mlezi kwa jina, mkumbatie, ondoka. Usizungukezunguke. Ukitaka kulia, lia ndani ya gari.

Akirudi mwache alale, atakuwa kachoka na pengine mkali kwa siku mbili. Mkague nywele chawa, na kupe nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mapaja na nyuma ya magoti, nguo zote zifuliwe siku hiyohiyo. Usimhoji kama polisi mlangoni. Mi nilisubiri mpaka tunaosha vyombo nikamuuliza nani alikuwa anachekesha kibandani, na nani hawakuelewana naye, na hapo ndo stori zikafunguka, akaongea mpaka maji ya kuoshea yakapoa.