Kikaragosi na Katuni Kwenye Fremu Moja: Kutengeneza Kipande cha Televisheni cha Watoto wa Awali

Vipande vinavyochanganya kikaragosi na katuni huharibikia kwenye macho. Kikaragosi kinaongea na kifaranga wa kuchora, lakini kinatazama sentimita kumi juu ya kichwa chake, na mtoto wa miaka 4 anajua papo hapo kwamba hawa wawili hawaonani. Kosa hilo halirekebishiki kwenye kompyuta. Mchoraji anaweza kumsogeza kifaranga popote apendapo, ila mkono uliokwisha kurekodiwa hausogei tena. Kwa hiyo kikaragosi kinatangulia, katuni inafuata.

Wapo wanaohofia kwamba mchanganyiko wenyewe utamvuruga mtoto. Hofu hiyo ni ya zamani. Watengenezaji wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani kinachotokea mtaani, walishauriwa na wanasaikolojia wasichanganye vikaragosi na watu halisi wa mtaani. Walipojaribisha vipindi vyao kwa watoto wa Philadelphia mwezi Julai 1969, watoto walikodolea macho katuni na vikaragosi, kisha wakageuka pembeni kila sehemu ya mtaani yenye watu peke yao ilipoanza. Ushauri ukawekwa kando, vikaragosi vikapelekwa mtaani. Kinachomvuruga mtoto ni mchanganyiko usio na utaratibu: leo kifaranga amechorwa, kesho ni mdoli. Utaratibu mzuri ni huu: chora kile tu ambacho mkono hauwezi kukifanya. Mbegu kuota, tone la maji kupanda mawinguni, kifaranga kutoka kwenye yai. Maongezi na hisia mwachie kikaragosi.

Chukua kipande cha dakika 3 chenye somo moja, tuseme kuhesabu 1 hadi 5. Televisheni yetu inakwenda fremu 25 kwa sekunde. Ukichora picha moja kwa kila fremu mbili, dakika 3 nzima za katuni ni michoro 2,250. Ukichora sekunde 40 tu kati ya hizo, ni michoro 500, kazi inayobebeka. Kwenye skripti, baada ya kila swali andika ukimya wa sekunde 3 hadi 4 ili mtoto ajibu. Katika ukimya huo kikaragosi kisigande. Kiinamie kamera kama kinachosikiliza. Mhariri atashikwa na hamu ya kuufupisha. Mkatalie.

Kikaragosi

Sponji ya unene wa nusu inchi, yaani kama milimita 12, hupatikana kwa mafundi wa makochi. Usitumie ya godoro la bei rahisi, inachanika kwenye maungio. Gundi ni ile ya mafundi viatu: paka pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka kidole kisinate, ndipo ubandike, na ubandike kwa usahihi maana zikishagusana haziachiani. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko. Mvuke wake unalevya na unashika moto.

Mdomo ni vipande viwili vya nusu duara vilivyokatwa kwenye ndoo ya plastiki, kila kimoja upana wa sentimita 10 hivi, vikiunganishwa kwa ukanda wa turubai unaofanya kazi ya bawaba. Upande wa ndani bandika mikanda miwili ya raba ya malapa, mmoja wa vidole vinne juu, mwingine wa dole gumba chini. Bila mikanda hiyo mkono ukitoka jasho chini ya taa utateleza, na kikaragosi kitabaki kinywa wazi katikati ya sentensi.

Ngozi yake iwe kitambaa cha manyoya mafupi, kile cha masweta na mablanketi laini ya mitumba. Ukishamaliza kushona, chambua manyoya kwa mswaki mkavu juu ya mshono, mshono unapotea. Epuka kijani na njano inayoelekea kijani, kwa sababu nyuma kutakuwa na kitambaa cha kijani ambacho kompyuta itakiondoa pamoja na chochote chenye rangi hiyo, na epuka nyeupe tupu, kwani taa huifanya iwake mpaka sura haionekani. Spoki ya baiskeli moja kwenye kila kiganja inatosha kuendesha mikono.

Macho yanahitaji subira. Kata mpira wa tenisi ya meza nusu mbili, bandika, lakini mboni usizigandishe ukiwa mezani. Zishikize kwa tepu, simamisha kikaragosi mita 2 mbele ya kamera, kisha zisogeze kidogo kidogo kuelekea puani huku mwenzako akitazama monita. Mboni zikikaa katikati kabisa, kila jicho linatazama njia yake na kikaragosi kinaonekana kimezubaa. Zikiingia ndani milimita 2 au 3, ghafla kinakutazama wewe. Hapo ndipo pa gundi.

Kurekodi

Sauti ya kifaranga irekodiwe kabla, ipigwe kwa spika wakati wa mazoezi na kwenye sikio la mchezeshaji wakati wa kurekodi. Mchezeshaji anakaa chini ya ukingo wa meza iliyofunikwa, mkono juu, macho kwenye monita iliyo magotini pake. Monita isiwe ya kugeuza kama kioo. Mwanzoni kikaragosi kitaelekea kulia ukitaka kushoto, lakini mkono huzoea, na usipozoea utakipeleka upande usio wa kifaranga kila mara.

Kuhusu lile kosa la macho la mwanzoni: chukua fimbo, weka kipira nchani, mtu mmoja akishike mahali kifaranga atakapokuwepo na akisogeze kwa kufuata sauti. Kipira kiwe kidogo kuliko kifaranga, rangi ya kijani kama kitambaa cha nyuma. Hata kikionekana, mchoro utakifunika. Ujue pia kwamba kifundo cha mkono kikichoka hulala nyuma, na kikaragosi huanza kuhubiria dari. Pinda kiganja chini kuliko unavyodhani inafaa, na upumzike kila baada ya dakika mbili tatu.

Kuongea kunaendeshwa na dole gumba kwenda chini. Vidole vya juu vitulie, la sivyo kichwa kizima kinaruka kwa kila neno. Kiswahili kinamrahisishia mchezeshaji, kwa kuwa karibu kila silabi huishia kwenye irabu: fungua kinywa kwenye irabu, kifunge katikati. Ufunguzi mkubwa uwe kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, penye mkazo: ma-E-mbe, vi-fa-RA-nga. Ukifungua sawasawa kwenye silabi zote, kinaonekana kinatafuna. Angalia “mtoto”: m ya mwanzo ni silabi, lakini midomo imefungwa. Na “nne” ina n inayobeba mkazo, kinywa kikiwa kama kimefungwa, kisha kinafunguka kwenye e.

Kitambaa cha kijani kipigwe pasi, kivutwe kwa vibanio, kimulikwe kwa taa zake peke yake, na kikae mita 1.5 hadi 2 nyuma ya kikaragosi. Kikiwa karibu, ukijani unarudi kwenye manyoya, na ukiufuta kwenye kompyuta unakula ukingo wa kichwa. Spidi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya sekunde 1/50 ni ya kawaida kwetu kwa sababu umeme ni wa hezi 50. Ukungu wa mwendo ukizidi panda hadi 1/100, ambayo nayo haifanyi taa zipepese. Ukitumia simu, funga fokasi, mwangaza na rangi. Halafu tumia programu ya kamera inayolazimisha fremu 25. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, ndiyo maana sauti huonekana sawa dakika ya kwanza na kuachana na mdomo dakika ya tatu.

Sasa kiini cha udanganyifu. Kifaranga anaruka juu ya kikapu halisi kilicho mbele ya kikaragosi. Funga mshipi mwembamba wa kuvulia chini ya kikapu, na kwenye neno “hop!” msaidizi auvute kidogo, sentimita 1 tu. Kikapu kinatikisika, kikaragosi kinashtuka nusu sekunde baadaye, ndipo kinatazama. Mchoraji akimtua kifaranga kwenye fremu ileile kikapu kilipoanza kusogea, kifaranga anaonekana ana uzito. Akichelewa fremu 4, anaelea. Kabla ya kuhamisha kamera, rekodi sekunde 10 za meza tupu. Utazihitaji kufuta mshipi na fimbo.

Katuni

Programu za kuchora katuni Blender, OpenToonz na Krita zote ni za bure, na toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, linaondoa kijani vizuri. Usitumie mstari mweusi tupu: kwenye picha ya kamera hakuna weusi wa namna hiyo, kwa hiyo kifaranga ataonekana kama stika. Mstari wa kahawia iliyokoza, ukungu kidogo ukingoni, na kivuli chini ya miguu kinacholala upande uleule wa kivuli cha kikapu. Kivuli hicho kinafanya kazi kuliko kuremba manyoya kote.

Kumulika ghafla kwa skrini kusizidi mara 3 kwa sekunde. Mwezi Desemba 1997 huko Japani watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya katuni moja kumulika nyekundu na bluu kwa kasi.

Jaribio

Kabla ya kupeleka kituoni, onyesha kipande kwa watoto wa awali, mmoja mmoja. Pembeni ya skrini weka simu nyingine inayobadilisha picha za kuvutia kila sekunde 7.5. Njia hii ni ya Edward Palmer, aliyekuwa mtafiti wa Sesame Street. Kila picha inapobadilika andika kama mtoto anatazama kipindi au simu. Watoto wanane tu watakuonyesha mahali wote wanapogeuka, na mara nyingi ni pale mtu mzima anapoeleza jambo ambalo kifaranga ameshalionyesha. Kata maelezo hayo. Wakigeuka wakati wa ukimya wa sekunde 3, kasoro iko kwenye swali: limekuwa refu, au kikaragosi kimelitamka kikimtazama kifaranga badala ya kamera. Rudi kwenye meza, rekodi swali hilo peke yake upya, mboni zikielekea kwenye lenzi.