Namna ya kuagiza chakula katika mkahawa wa Kihabeshi jijini Nairobi

Anayekwenda kwa mara ya kwanza katika mkahawa wa Kihabeshi jijini Nairobi namshauri achague Jumatano au Ijumaa. Katika siku hizo, isipokuwa kwa siku 50 zinazofuata Pasaka yao, waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga, wasile nyama, maziwa wala mayai, na mpishi ambaye kwa kawaida hushughulikia nyama huelekeza ustadi wake wote kwenye mboga na nafaka. Agiza beyaynetu ya mfungo, ambayo ni injera moja pana, yaani mkate mwembamba na laini, iliyopangiwa juu yake mafungu madogo ya vyakula mbalimbali.

Injera hupikwa kwa unga wa tefu, nafaka ndogo ya Ethiopia, uliochachuliwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo usidhani umeletewa mkate ulioharibika. Uchachu huo ndio unaotuliza ukali wa berbere, mchanganyiko wa pilipili kavu na viungo unaoupa mchuzi wa kamande, uitwao misir wot, wekundu wake. Gomen utaitambua upesi, kwa kuwa haiko mbali na sukuma wiki ya nyumbani. Shiro, inayopikwa kwa unga wa dengu au wa maharage, ndiyo ninayoipima kabla ya kuusifu mkahawa wowote; ukiona tegabino kwenye orodha, iagize, kwa maana hiyo ni shiro nzito inayoletwa mezani ikiwa bado inatokota ndani ya chungu.

Siku nyingine, ukitamani nyama, anza na tibs, vipande vya nyama vilivyokaangwa pamoja na vitunguu na pilipili. Doro wot, mchuzi wa kuku wenye mayai ya kuchemsha, huanza kwa vitunguu vingi vinavyopikwa polepole kwa muda mrefu, na hutajuta ukiupata mahali ambapo mpishi hana haraka. Kitfo ni nyama ya kusaga iliyochanganywa na samli yenye viungo, na asiyetoa maelezo anaweza kuletewa mbichi. Ukitaka ipashwe moto kidogo tu, sema “leb leb”.

Sinia moja mara nyingi huwatosha watu wawili, mradi muombe injera ya ziada. Kuleni kwa mkono wa kulia, na mwenyeji akikutilia tonge mdomoni, lipokee, kwani hiyo ni gursha, ishara ya heshima na mapenzi.

Kahawa iagize chakula kinapofika, usingoje mpaka sinia liondolewe. Inapoandaliwa kwa utaratibu wake kamili, buni hukaangwa papo hapo, kisha husagwa na kuchemshwa katika jebena, birika la udongo la kahawa, na vikombe hupitishwa mara tatu: abol, tona, na cha mwisho, ambacho Mswahili hahitaji kutafsiriwa, baraka.